Kalibu ya Jasi na Gorila wa Mikeno

Kila mtu wa Kalunguta anaijua kalibu. Ndiyo ile ya mbao ambayo mfyatuaji wa matofali huijaza udongo, akausawazisha kwa kiganja, akaiinua, na tofali likabaki chini likingoja jua. Tofali la kwanza na tofali la elfu hutoka sawasawa, kwa sababu kalibu ni ngumu, haibadiliki. Lakini tofali lina pande sita tu, na zote zimenyooka. Je, ukitaka kalibu ya kitu chenye mabega, vidole, masikio na makunyanzi usoni, utafanyaje?

Tazameni sanamu ya Bikira Maria katika makanisa yetu mengi. Watu hudhani ni jiwe lililochongwa. Nyingi si jiwe, ni jasi, na ndani ni tupu. Ukiangalia vizuri ubavuni, chini ya rangi, mara nyingine utaona mstari mwembamba ukishuka kutoka begani hadi miguuni. Huo ni mshono: hapo ndipo vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Fundi mmoja alimfinyanga kwanza kwa udongo. Kalibu ikafanywa juu ya udongo ule. Na katika kalibu hiyo zikatoka sanamu nyingi, zikasambaa duniani.

Leo nataka kuwaeleza historia ya kazi hiyo ilipotumiwa kwa wanyama, maana historia yenyewe inapita katika nchi yetu ya Kivu. Mtu aliyeiendeleza kuliko wengi kazi ya kufinyanga mnyama kwa udongo na kumfanyia kalibu ngumu alizikwa katika mkoa wetu, chini ya mlima Mikeno, karibu kilometa 200 kusini ya Kalunguta. Jina lake ni Carl Akeley, Mmarekani. Tena kazi hiyo ya udongo na jasi ni moja ya sababu za kupatikana kwa hifadhi ya wanyama ambayo hata leo inapakana na mashamba ya watu wa Beni na Lubero. Basi tufuate habari hii tangu mwanzo.

Zamani walijaza majani

Katika karne ya 19 majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani yalitaka kuwaonyesha watu wanyama wa mbali: simba, tembo, twiga, nyani. Wanyama hai walikuwa wachache na walikufa upesi safarini. Kwa hiyo ngozi zilitiwa chumvi, zikakaushwa, zikapelekwa kwa meli. Huko mafundi walitia ndani ya ngozi fimbo za chuma na mbao, halafu wakajaza majani makavu, matambara na takataka za randa mpaka ngozi ikafura, kisha wakashona. Ilikuwa kama kujaza gunia la maharagwe. Mnyama alisimama, ndiyo, lakini hakuwa na bega wala paja wala mshipa. Aliyewahi kumwona chui akiruka asingemtambua chui yule wa majani.

Mfano mmoja ulijulikana sana. Tembo Jumbo, aliyekuwa mali ya Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, aligongwa na treni huko Kanada tarehe 15 Septemba 1885, akafa. Ngozi yake ilitengenezwa katika karakana ya Ward, mjini Rochester, ikapigiliwa kwa misumari juu ya kiunzi kikubwa cha mbao. Barnum alitaka Jumbo aonekane mkubwa kadiri iwezekanavyo, maana watu hulipa zaidi kuona kilicho kikubwa zaidi. Hapo mnaona hatari yenyewe. Ngozi haikatai: ukiivuta itavutika, ukiilegeza italegea, na mtazamaji hana njia ya kujua.

Hata huku kwetu Beni tunao mfano wa udanganyifu wa ngozi. Mwaka 1900 Harry Johnston, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa serikali ya Uganda, alivuka mto Semliki akafika ngome ya Mbeni. Wambuti walimweleza habari za mnyama wa msituni ambaye wenyewe walimjua sana, yaani okapi. Johnston alipata vipande viwili vya ngozi yenye mistari, akavipeleka London. Wataalamu wa London walipoiona mistari ile wakasema: huyu ni jamaa ya punda milia. Mwaka 1901 wakampa jina la ukoo wa farasi. Baadaye Karl Eriksson, afisa wa ngome ile, alimpatia Johnston ngozi nzima pamoja na mafuvu mawili. Meno na mifupa ya kichwa vilipotazamwa, ikaonekana kwamba okapi si jamaa ya punda hata kidogo, bali ni ndugu wa twiga. Mwaka huo huo akapewa jina jingine, Okapia. Vipande vya ngozi viliwapoteza wataalamu. Mfupa ukawarudisha njiani. Na Wambuti, waliomwona mzima kila siku, hawakuwa wamepotea.

Kijana wa Clarendon

Carl Akeley alizaliwa mwaka 1864 katika shamba huko Clarendon, jimbo la New York. Alianza kazi akiwa kijana katika karakana ile ile ya Ward, naye alikuwa mmoja wa mafundi wawili waliomsimamisha Jumbo. Hakuridhika na kazi ya majani. Siku moja ililetwa maiti ya punda milia. Akaomba ruhusa ya kuipima na kuipiga kalibu za jasi, akafanya kazi usiku, baada ya saa za mwajiri wake. Lakini punda milia yule akatengenezwa kwa desturi ya zamani, na kalibu za kijana zikatupwa jaani.

Hakukata tamaa. Mwaka 1886 alihamia Milwaukee, na mwaka 1896 akaajiriwa na jumba la makumbusho la Field mjini Chicago. Huko ndiko alikopata nafasi ya kuifanya kazi kama alivyotaka. Mwaka 1909 akaingia katika jumba kubwa la historia ya viumbe la New York. Alikuja Afrika mara tano: mwaka 1896 Somalia, kisha mara mbili Kenya na Uganda, na mara mbili za mwisho Kongo. Mwaka 1910, katika miteremko ya mlima Kenya, tembo dume alimkamata katikati ya pembe zake mbili akamgandamiza chini. Aliachwa akidhaniwa amekufa. Katika miezi ya kuuguza mbavu zake alipata wazo la kujenga jumba moja kubwa la wanyama wa Afrika, mahali ambapo kila mnyama angeonekana kama alivyo kwao, kati ya majani na milima yake.

Kazi yenyewe

Labda mtauliza: alifanyaje? Twende polepole, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni vipimo. Mnyama akiisha kufa, hupimwa kila kiungo kabla hajavimba: urefu wa mkono, unene wa shingo, upana wa kifua. Hupigwa picha. Ngozi hutolewa kwa uangalifu ikatiwa chumvi, na mifupa huhifadhiwa.

Hatua ya pili ni kiunzi. Karakanani fundi husimamisha vyuma na mbao, na juu yake hufunga fuvu lenyewe na mifupa yenyewe ya miguu, kila mmoja mahali pake. Hapo fundi sharti aamue mnyama anafanya nini: anapanda, anakula, au anasikiliza. Maana mguu ukisogea, bega linasogea, na bega likisogea, shingo nayo haibaki vile vile.

Hatua ya tatu ni udongo. Fundi hufunika kiunzi kwa udongo wa mfinyanzi akamjenga mnyama mzima asiye na ngozi: msuli juu ya mfupa, mshipa juu ya msuli. Hii ndiyo kazi ndefu kuliko zote. Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi wa chungu anajua jambo hilo, na fundi wa wanyama pia. Udongo ukikauka hupasuka, hivyo kila jioni sharti ufunikwe kwa vitambaa vibichi. Siku hadi siku hutazama picha zake na vipimo vyake, anaondoa, anaongeza, anaondoa tena.

Hatua ya nne ni kalibu. Jasi ni jiwe laini linalochimbwa ardhini. Likichomwa kwa moto wa kadiri, sehemu ya maji yaliyomo ndani yake hutoka, na likisagwa huwa unga mweupe. Unga huo ukirudishiwa maji huyanywa na kuwa jiwe tena. Ndio unga ule ule ambao hospitalini hufungia mguu uliovunjika. Aliyefungwa nao atakumbuka kwamba ulipata joto ulipokuwa ukiganda, kisha ukapoa.

Kabla ya kuchanganya chochote, fundi humzunguka mnyama wake wa udongo akijiuliza: kalibu ngumu itatokaje bila kuvunja kitu? Ingiza mkono katika kibuyu chenye shingo nyembamba, halafu ukunje ngumi: hutoki. Ndivyo jasi inavyonasa chini ya kwapa, nyuma ya sikio, na kati ya miguu. Kwa hiyo kalibu ya mnyama haiwezi kuwa kipande kimoja kama ya tofali. Hugawanywa vipande viwili au zaidi, na kila kipande sharti kiweze kuvutwa moja kwa moja bila kukwama. Kuchagua mahali pa kugawa ni nusu ya ujuzi wote. Juu ya mstari uliochaguliwa, labda mgongoni na tumboni, fundi huchomeka katika udongo vibati vyembamba, kimoja kando ya kingine, kama ua wa shamba. Upande mmoja wa ua utapokea jasi leo, upande wa pili baadaye.

Sasa jasi. Hamimini maji juu ya unga. Hunyunyiza unga juu ya maji, kidogo kidogo, mpaka uonekane kama visiwa vidogo vinavyozama polepole. Hukoroga taratibu, asiingize hewa, maana kila povu litaacha tundu. Mchanganyiko ukiwa kama uji mwepesi, hurusha safu ya kwanza kwa vidole au kwa brashi, nyembamba, ili iingie katika kila mkunjo. Mafundi wengine huitia safu hiyo bluu kidogo ya kufulia nguo. Kwa nini? Ili siku ya kubomoa, wakiona rangi, wajue kwamba patasi imekaribia umbo lenyewe. Hana muda wa kupoteza: baada ya dakika chache jasi iliyomo ndooni haifai tena. Kisha huongeza safu nene, akilaza ndani yake nyuzi za katani na fito za mbao au za chuma, ili kalibu isipinde wala kupasuka. Upande wa kwanza ukisha kushika, huondoa vibati, huchimba vishimo vichache katika ukingo wa jasi, hupaka sabuni au mafuta, ndipo hutia upande wa pili. Jasi mpya huingia katika vishimo na kufanya vinundu. Kwa vinundu hivyo vipande vitakutana daima mahali pale pale, kama ufunguo na kufuli.

Yote yakisha kukauka, hupigilia kabari za mbao katika mshono, akamwaga maji kidogo, na kalibu hufunguka. Udongo hutolewa vipande vipande, na kazi ya miezi mingi hurudi kuwa tope. Ndani ya kalibu hakuna mnyama sasa, kuna nafasi ya mnyama. Palipotokeza pamekuwa shimo, palipokuwa bonde pamekuwa ukingo. Kalibu huhifadhi kinyume cha kitu, nacho huhifadhi chote. Alama ya kidole iliyosahauliwa juu ya udongo itaonekana. Bega lililokosewa litabaki limekosewa. Kalibu haisahihishi kitu. Anayetaka kusahihisha afanye hivyo wakati wa udongo, maana baadaye ni kuchelewa.

Hatua ya tano ni ganda. Hapa ndipo Bwana Akeley alipoonyesha akili yake. Kama angejaza kalibu jasi tupu, mnyama angekuwa mzito mno, tena angevunjika. Basi alipaka gundi ndani ya kalibu, akabandika juu yake kitambaa chepesi cha melimeli, akaongeza karatasi zilizopondwa pamoja na wavu wa waya, akashindilia kila mahali, na kazi hiyo akaizuia isipenyezwe na maji. Ilipokauka, alizamisha kalibu majini. Maji hayakuweza kuharibu ganda. Yaliyeyusha tu ile gundi ya kwanza kati ya jasi na melimeli. Ganda likaachia, likatoka jepesi na imara, likiwa na kila msuli uliofinyangwa. Vipande viliunganishwa, na katika hatua ya sita ngozi iliyodabaghiwa ikavikwa juu yake na kugandishwa. Ngozi haikufura tena kama gunia. Ilikaa juu ya umbo, kama ilivyokaa mnyama alipokuwa hai.

Kazi ya jasi ilimzalisha Bwana Akeley jambo jingine pia. Mwaka 1907 alitengeneza chombo cha kurusha saruji kwa nguvu ya hewa, kikatumika kukarabati kuta za nje za jumba la Field. Leo wajenzi wa mahandaki na wa mabwawa duniani hutumia njia hiyo, na wachache wajua kwamba ilitoka kwa fundi wa wanyama.

Mikeno, mwaka 1921

Sasa tuje kwetu Kivu. Watu wa Virunga waliwajua gorila tangu zamani. Wazungu walipata habari za gorila wa milimani mwaka 1902, wakati Robert von Beringe, afisa Mdachi, alipowapiga risasi wawili katika mlima Sabinyo. Na kuhusu gorila kwa jumla, Ulaya na Marekani walikuwa wamelishwa hadithi za kutisha tangu kitabu cha Du Chaillu cha mwaka 1861: jitu la msituni, mkali, adui wa watu. Sanamu za gorila katika majumba mengi ya makumbusho zilifuata hadithi hiyo, kinywa wazi na meno nje. Wengi waliozitengeneza hawakumwona gorila hai hata siku moja.

Mwaka 1921 Bwana Akeley alifika Kivu. Alipitia misioni ya Mapadri Weupe ya Lulenga, chini ya Mikeno, na wenyeji wa pale wakamwongoza katika mianzi na majani ya kuwasha, wakiwa wamebeba mizigo yake vichwani. Tuwakumbuke, maana bila miguu yao asingefika popote. Alikuja kuua gorila wachache kwa ajili ya jumba la New York, na alifanya hivyo: gorila watano walichukuliwa katika safari ile. Pia alikuja na kamera ya sinema aliyoibuni mwenyewe, akapiga picha za kwanza za sinema za gorila wakiwa huru porini.

Pale mlimani alifanya kazi kama mtu anayeshindana na saa. Maiti haingoji. Alipima, akachuna, na alimimina jasi juu ya nyuso za gorila waliokufa, apate barakoa zao kabla nyama haijalegea. Kalibu hiyo haikupitia udongo. Ilishika uso wenyewe. Nayo ilimfundisha kitu. Aliona kwamba nyuso zile hazifanani. Huyu ana pua hivi, yule ana kipaji hivi. Kila mmoja ana wake. Watafiti waliokuja baada yake waliwatambua gorila mmoja mmoja kwa mistari ya pua zao.

Akaona jambo la pili. Mnyama aliyesimuliwa kuwa shetani wa msitu alikuwa mla majani, anayekimbia watu, na anayepigana anapoitetea jamii yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1923 Bwana Akeley alikiri kwamba, alipoziangalia nyuso zile, ilimbidi kujikaza kwa ajili ya elimu, vinginevyo angejiona kama muuaji. Maneno mazito hayo kwa mtu aliyewinda miaka 25.

Alirudi New York na ngozi, mifupa na barakoa. Akafinyanga. Katika udongo ule hakuweka meno ya kutisha ya Du Chaillu. Aliweka alichokiona. Mtu anayetaka kufinyanga bega la kiumbe sharti alitazame bega lile mpaka alijue kama bega lake mwenyewe, na ni vigumu kuendelea kumsingizia uongo mtu au mnyama uliyemtazama hivyo.

Hifadhi na kaburi

Basi akaanza kuwaandikia na kuwasihi wakubwa wa Ubelgiji na wataalamu wa Marekani: milima ile ifungwe kwa wawindaji, gorila wasimalizwe. Mfalme Albert I, aliyekuwa ameona hifadhi za Marekani mwaka 1919, alisikiliza. Tarehe 21 Aprili 1925 ilitolewa amri ya kuanzisha Hifadhi ya Albert, kuzunguka milima Mikeno, Karisimbi na Visoke. Huhesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Baadaye ilipanuliwa kuelekea kaskazini, ikapita ziwa Edward na bonde la Semliki hadi Ruwenzori, yapata kilometa za mraba 7,800. Mwaka 1969 ikapewa jina la Virunga, na mwaka 1979 ikaandikwa katika urithi wa dunia.

Historia ya kweli haifichi upande wa pili. Amri ile ilikuwa ya wakoloni. Wenyeji waliolima, waliovua na waliowinda ndani ya mipaka ile hawakuombwa shauri. Waliambiwa tu wapi hawataingia tena. Machungu hayo yalirithiwa na watoto na wajukuu, na ugomvi wa mashamba kandokando ya hifadhi haueleweki bila kuyakumbuka. Waliolinda wanyama walitazama kwa makini mikunjo ya uso wa gorila. Hawakutazama kwa makini hiyo hiyo mtu aliyekuwa na shamba lake hapo. Kosa lililowekwa mwanzoni likabaki katika kila kilichofuata, kama kosa la udongo linavyobaki katika kalibu.

Mwaka 1926 Bwana Akeley alirudi Kongo pamoja na mkewe Mary, mchoraji William Leigh na wengine. Alitaka kuchora mandhari na kukusanya mimea kwa ajili ya gorila wake, na kuichunguza hifadhi mpya pamoja na Mbelgiji Jean-Marie Derscheid. Alikuwa mgonjwa tayari alipopanda. Tarehe 17 Novemba 1926 alifariki mahali panapoitwa Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, mwenye umri wa miaka 62, akazikwa hapo hapo. Mkewe hakurudi mara moja. Alibaki kumaliza kazi. Mwaka 1936 jumba la wanyama wa Afrika lilifunguliwa New York kwa jina la Akeley, lenye vyumba 28 vya vioo na kundi la tembo wanane katikati. Katika chumba cha gorila, nyuma ya wanyama, mchoro unaonyesha milima ya Kivu. Mtu wa New York asiyejua Kongo iko wapi husimama pale akaitazama nchi yetu.

Kilichobaki

Wengine watasema: inafaa nini kuua watano ili kuwaonyesha watu wa mbali? Swali hilo ni la haki, na Bwana Akeley mwenyewe lilimsumbua. Siku hizi wataalamu hupima gorila hai kwa picha bila kumgusa, wala hakuna anayeruhusiwa kumwua kwa ajili ya makumbusho. Hata hivyo tukumbuke kwamba kabla ya sanamu zile watu wengi walimdhani gorila jitu baya, na kwa jitu baya hakuna anayeomba hifadhi.

Kabara pia hapakusahauliwa. Mwaka 1959 George Schaller alikaa huko akiwachunguza gorila bila bunduki, na mwaka 1967 Dian Fossey alianzia hapo hapo. Mwaka 1981 gorila wa milima ya Virunga, upande wa Kongo, Rwanda na Uganda, walihesabiwa 254. Katika hesabu ya mwaka 2015 na 2016 walikuwa 604. Ongezeko hilo halikuja bure. Mwaka 2007 gorila wa ukoo wa Rugendo waliuawa upande wetu wa Kongo, na walinzi wa hifadhi zaidi ya 200 wamekufa kazini katika miaka ya vita. Wengi wao walikuwa vijana wa mkoa huu, wenye wake na watoto.

Na yule okapi wa Beni? Miaka mingi watu walidhani ametoweka ndani ya hifadhi. Mwaka 2008 kamera zilizofungwa mitini zilimpiga picha hapo. Alikuwapo bado, kando ya Semliki.

Kalibu ya jasi ikivunjika, fundi aweza kufanya nyingine, maadamu sanamu ipo. Sanamu ikivunjika, aweza kufinyanga tena, maadamu mnyama yupo wa kutazamwa. Lakini mnyama mwenyewe akimalizika, hakuna kalibu duniani itakayomtoa tena. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mtoto akikuuliza gorila au okapi ni mnyama gani, mweleze kama Wambuti walivyomweleza Johnston: kwa habari za mnyama mzima, aliye hai, na anayeishi jirani na sisi. Na mpakani mwa hifadhi inapozungumzwa habari ya mashamba, asikilizwe pia mtu mwenye jembe, jambo ambalo mwaka 1925 halikufanyika.